Makofi ya Alhamisi

Hii ni wiki ya tatu tangu nilipokabidhi funguo za maabara, na bado kila asubuhi mkono wangu unapapasa msumari wa mlangoni ukitafuta koti jeupe. Mume wangu anacheka. Anasema kama nina hamu ya damu kiasi hicho, mbuzi wapo bandani. Badala ya mbuzi nimechukua daftari. Nyinyi vijana mliobaki pale maabara mliniomba niwaandikie mambo ya kazi, na mimi sikuwahi kunyimana maneno. Vyeo sitavisema, maana vilikuwa vichache na vilichelewa. Nitawaeleza jambo lililonifurahisha kuliko yote katika miaka yangu ya kazi, na aibu iliyokuja nalo kwenye gari moja.

Nilianzia zahanati moja upande wa Biharamulo, si mbali na Kaniha. Nilifika na sanduku la bati na cheti ambacho wino wake ulikuwa bado unanukia. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama mashariki, na hadubini moja iliyotumia kioo badala ya taa. Jua likiwaka tulifanya kazi, wingu likipita tulisubiri. Kuku wa jirani alikuwa na mazoea ya kutaga ndani ya kabati la slaidi, na hakuna aliyemkataza kwa sababu mayai tulikuwa tunayala.

Mkuu wa chumba hicho alikuwa Deogratias, mtu wa Murusagamba, Mhangaza kama mimi. Tulimwita Mzee Deo hata wakati huo, ingawa kichwani hakuwa na mvi hata moja. Uzee wake ulikuwa katika kukemea. Ukishika slaidi katikati badala ya kwenye kingo, ulisikia. Ukiandika jibu kabla ya kutazama mara ya pili, ulisikia zaidi. Alikuwa na msemo wake: "Damu haidanganyi. Wanaodanganya ni mwenye damu na mwenye hadubini."

Siku ya kwanza aliniwekea slaidi akaniambia nitazame. Nikasema naona malaria.

"Malaria hata kuku yule anaiona," akasema. "Huyo mkubwa pembeni je?"

Nikasogeza. Kulikuwa na chembe nyeupe ya damu, kubwa, rangi ya maabara imeifanya zambarau hafifu, tumboni mwake mna vidoa vya rangi ya kahawia. Nilikuwa nimeisoma chuoni kwenye mchoro, lakini kuiona imeshiba namna ile ni jambo jingine.

"Huyo ni mlaji," Mzee Deo akasema. "Askari wa usafi. Amekula mabaki ya malaria. Kila uchafu unaopita, yeye anakula."

"Akishiba, anavipeleka wapi alivyokula?"

Alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti. Nilidhani atanikemea.

"Sijui," akasema. "Swali zuri hilo. Litunze."

Nikalitunza. Sikujua kwamba nitakaa nalo zaidi ya miaka ishirini.

Sukari wakati ule tuliipima kwa mkojo. Mililita tano za dawa ya bluu kwenye bomba la kioo, matone manane ya mkojo, halafu unachemsha juu ya taa ya spiriti, mdomo wa bomba ukiuelekeza ukutani. Mimi niliuelekeza kwangu mara moja tu, na sitaki kulizungumzia. Ikibaki bluu, hakuna sukari. Ikigeuka kijani, kisha njano, kisha rangi ya tofali, basi mgonjwa anayo. Mwezi mzima tuliweza kupata tofali moja au mbili. Siku hizi mnapima sukari kama mnavyosalimiana, ndiyo maana nawasimulia.

Wakimbizi walipofurika kambi ya Benaco, tulitumwa wote wawili kusaidia. Sitasema mengi. Tulisoma slaidi mpaka hata nikifumba macho naendelea kuona chembe. Mzee Deo alinifunika koti lake siku moja niliposinzia juu ya meza, akanisomea rundo langu lote, na kesho yake akanikemea kwa kusinzia. Tangu hapo nilimhesabu kama baba. Baadaye mimi nikahamishiwa hospitali ile mnayoijua, huku Ngara, naye akastaafu akarudi Murusagamba kwenye migomba yake.

Glukomita zilipokuja nilidhani tumefika mbinguni. Tone moja la kidole, sekunde chache, jibu hilo hapo! Kliniki ya sukari tukaiweka Alhamisi. Wagonjwa walikuwa wanakuja wamenyong'onyea, wanakaa kwenye mabenchi kama wanasubiri hukumu, na mimi nikaja na wazo. Tukawa tunasoma majibu kwa sauti, na kila aliyepata chini ya saba alipigiwa makofi na kliniki nzima. Siku hizi mngeniambia kuhusu siri ya mgonjwa, na mngekuwa sahihi. Lakini mngewaona! Watu walianza kuja wamevaa vizuri. Makofi yakaongezeka wiki hadi wiki, na mimi nikatembea kifua mbele kwenye korido.

Kisha siku moja akaingia mtu mwenye mvi na miwani ileile. Mzee Deo alikuwa amepata sukari. Nilitaka kulia, yeye akanikemea.

"Unalia nini? Pima."

Akawa nyota ya Alhamisi. Tano nukta tisa. Sita kamili. Sita nukta mbili. Makofi yake yalikuwa marefu kuliko ya wote, naye aliyapokea kwa kuinua kofia. Kipimo chake cha lehemu, mafuta yale ya kwenye damu ambayo wengine huyaita kolesteroli, nacho kilikuwa kizuri. Nilimpenda pia kwa adabu yake. Kutoka getini mpaka maabara ni mwendo mfupi, lakini Mzee Deo alisimama mara tatu, mara nne, akasalimia mlinzi, akasalimia mama muuza maandazi, akauliza habari za ng'ombe wa mtu. Nilikuwa nawaambia wafanyakazi, tazameni mzee anavyojua watu.

Mwaka huohuo nilitumwa semina Mwanza. Semina nyingi mnazijua, unakula wali na kuku unarudi. Siku ya pili akasimama daktari mmoja, msichana mdogo hata kuliko nyinyi, akachora ubaoni mshipa wa damu, na ndani ya ukuta wa mshipa akachora chembe kubwa iliyojaa tumbo. Nilimjua. Alikuwa mlaji wetu wa Kaniha.

Nilinyoosha mkono kabla hajaweka chaki chini. "Daktari, samahani. Huyo akishiba, anavipeleka wapi alivyokula?"

Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Mama, hilo ndilo somo lenyewe."

Sikilizeni, nitawapa kwa lugha ya jikoni kama nilivyoielewa. Mafuta yakipenya kwenye ukuta wa mshipa, mlaji anayala. Hawezi kuyayeyusha yote, kwa hiyo anapaswa kuyatoa. Kwenye ngozi yake ana milango midogo, na nje ya milango wanapita wapagazi, zile chembe ambazo watu huziita lehemu nzuri. Mpagazi anafika mikono mitupu, anapokea mzigo mlangoni, anaupeleka kwenye ini. Ini linaumaliza. Mlaji anabaki mwepesi, anaendelea na kazi.

Sasa ije sukari. Sukari ikizidi kwenye damu kwa muda mrefu inaganda kwenye protini, na ikishakomaa pale haioshiki tena. Uchafu huo wa sukari ukimfikia mlaji, milango yake inapungua. Na wapagazi nao wanagandiwa, wanafika mlangoni lakini kupokea mzigo hawawezi vizuri. Mlaji anaendelea kula, kutoa hawezi. Anavimba palepale ukutani, ukimtazama kwa hadubini amejaa mafuta kama povu. Wanajikusanya mmoja juu ya mwingine, na mshipa unaziba. Hapo ndipo unakuja moyo, unakuja kiharusi, inakuja miguu. Na kipimo chetu cha lehemu kinaweza kutoka kizuri kabisa, maana kinahesabu wapagazi walioko njiani, mikono yao hakiitazami!

Sikuweza kukaa kwenye kiti. Nilitoka nje nikazunguka jengo mara mbili. Swali langu la siku ya kwanza kazini lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa zuri namna ile, na mtu niliyetaka kumpigia simu alikuwa mmoja tu. Simu yake ilikuwa imezimwa, kama kawaida yake.

Niliporudi, nilikuta ile mashine mpya imefika, ya kipimo mnachokiita cha miezi mitatu. Kinatazama sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu, kwa hiyo hakijali umekula nini jana. Alhamisi ya kwanza nikawapima nacho wale mabingwa wangu wa makofi. Jibu la kwanza lilikuwa baya. La pili baya. La tano nikadhani mashine imeharibika njiani, maana barabara yetu inajua kuharibu vitu. Nikapima sampuli ya udhibiti, ile ambayo jibu lake linajulikana tayari, ikatoka sawasawa.

Nikamwita pembeni Mama Kulwa, mama wa Kisukuma aliyehamia kutoka Shinyanga, mtu asiyejua kuficha.

"Mama Kulwa, niambie kweli. Mnafanya nini kabla ya kuja hapa?"

"Tunajisafisha, daktali," akasema bila hata kupepesa. "Tangu Jumatatu ni mboga za majani na maji tu. Wengine hawali kabisa. Mtihani ukikalibia, mtu si anasoma?"

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa tunakula. Tumeshafaulu!"

Nikakumbuka wale waliokuwa wanafika wakitetemeka na jasho usoni, nikiwapa chai na kusema ni uchovu wa safari. Walikuwa wamemeza dawa tumbo tupu kwa ajili ya makofi yangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na bado sijamaliza, maana sampuli iliyofuata ilikuwa ya Mzee Deo.

Sukari ya siku hiyo, sita nukta moja. Ya miezi mitatu, ambayo tunataka isizidi saba hivi, kumi na moja nukta nne. Nikarudia. Nikapima wingi wa damu yake, nikatazama slaidi, kwa sababu upungufu wa damu unaweza kukipotosha kipimo kile, na hilo msilisahau hata siku moja. Damu yake ilikuwa nzuri. Jibu likabaki lilelile.

Alikuwa amesimama dirishani. "Evodia, nipe makofi yangu niondoke. Pikapu ya Murusagamba haimsubiri mtu."

"Leo hakuna makofi, Mzee."

Akachukua karatasi, akaisoma kwa mbali, kisha kwa karibu. "Hii sita ni yangu. Hii kumi na moja ni ya nani?"

"Yako."

"Mashine mbovu."

"Nimepima mara mbili."

"Basi pima ya tatu! Unanipima mimi? Mimi niliyekufundisha kushika slaidi? Na lehemu yangu nzuri, ulinisomea mwenyewe. Soma!"

Watu kwenye mabenchi walikuwa wamegeuka kututazama. Nilitaka kumwacha aende. Kweli kabisa, nilitaka, maana kumvunjia heshima mtu kama yule mbele za watu ni kitu kigumu kuliko kutoboa mtoto kidole. Lakini nilikuwa nimetoka Mwanza na mchoro wa ule mshipa kichwani, na ghafla nikamwona upya akija kutoka getini, akisimama na kusimama.

"Mzee, leo umesimama mara ngapi kutoka getini?"

"Nilikuwa nasalimia watu."

"Mara ngapi?"

Akatazama pembeni. "Nne."

"Mguu upo vipi?"

"Unabana," akasema polepole. "Nikisimama, unaachia. Sasa mtu mzima asimame njiani bure kama mti? Ndiyo nasalimia."

Nikamwomba avue kiatu. Kidole cha pili cha mguu wa kushoto kilikuwa kimefungwa kitambaa safi, kimefungwa vizuri kama alivyofunga kila kitu. Nilipokifungua, kilikuwa cheusi.

Daktari alimlaza siku hiyohiyo. Kidole kikakatwa. Daktari akasema wazi kwamba damu haifiki vizuri chini, na sukari ikiendelea vile, mguu utafuata. Mzee Deo akageukia ukuta. Alikataa chakula, akakataa kuongea, na siku ya tatu akamwambia muuguzi kwamba anataka kurudi nyumbani, na asifungiwe dawa yoyote. Muuguzi akaja kunieleza. Nilimwelewa. Kidole alikuwa ameshakisamehe, kilichomuuma ni kukamatwa akidanganya damu, yeye wa msemo ule.

Nikafanya jambo ambalo halimo kwenye mwongozo wowote. Nilibeba hadubini mpaka wodini, nikaiweka kwenye meza ya dawa, nikachomeka waya, nikaweka slaidi ya mgonjwa wa malaria ya asubuhi ile.

"Shikamoo Mzee. Tazama hapa uniambie unaona nini."

Hakugeuka. "Marahaba. Malaria."

"Malaria hata kuku anaiona."

Kisha bega likatikisika kidogo. Akageuka, akavaa miwani, akainama kwenye hadubini, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kirungu cha kusogezea slaidi.

"Mlaji," akasema.

"Uliniambia nilitunze swali. Nimelitunza, Mzee. Nimekuletea jibu!"

Nikammwagia yote, mlaji, milango, wapagazi, ini, sukari inayoganda. Nilichora nyuma ya karatasi ya joto ya mgonjwa wa jirani, Mungu anisamehe. Mwanzoni alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipofika kwenye mikono ya wapagazi, akanishika mkono.

"Subiri. Ile juisi ya ndizi, umutobe, ukikamua ikakukaukia mikononi. Ukishika kitu hushiki, ukiachia hakiachii."

"Hiyohiyo!"

"Kwa hiyo hapa," akagusa paja lake la kushoto, "walaji wangu wameshiba wamekwama ukutani, na wapagazi wanapita wananitazama tu?"

"Ndiyo, Mzee!"

"Na sisi tunaojisafisha tangu Jumatatu, tunanawa siku tatu, na sukari imekaukia miezi mitatu!"

"Ndiyo!"

Tulikuwa tunapiga kelele. Muuguzi alikuja kutunyamazisha, na mzee wa kitanda cha pili akasema asitunyamazishe, kwa sababu naye anataka kujua wapagazi wake wamefikia wapi. Mzee Deo alikuwa na macho ya siku ile ya kwanza kule Kaniha. Akaomba uji, usiwe na sukari. Ndipo akaniambia lililobaki. Pale Murusagamba, kila penye posa au harusi yeye ndiye mwonjaji. Mtungi wa pombe ya ndizi ukifunguliwa, hakuna mgeni anayegusa mrija kabla yake, na wakati wa kukamua wanamwita pia aonje umutobe kama umekolea.

"Ni mrija mmoja tu," akasema.

"Mirija mingapi kwa mwezi?"

Akafikiri sana. "Msimu wa harusi, nisikudanganye... Damu imeshasema. Andika mingi."

Alhamisi iliyofuata nilisimama mbele ya mabenchi nikaomba radhi. Niliwaambia makofi nimeyaanzisha mimi, na nimeyafuta mimi. Kuanzia siku hiyo tukaanza kuulizana swali moja, faragha, mmoja mmoja: Jumatatu ulikula nini, na Ijumaa utakula nini? Mama Kulwa alinuna wiki mbili. Kisha akaja akaniambia siku hizi hatetemeki tena. Mzee Deo naye alihudhuria kwa mkongojo na kuwaeleza wenzake habari za mlaji kwa Kihangaza. Alieleza vizuri kuliko mimi, na kila mara aliongeza kitu ambacho daktari wa Mwanza hakukisema.

Kwenye harusi ya kwanza alikataa mrija. Alimwambia mwenye nyumba aonje mwenyewe pombe yake. Watu walinong'ona kwamba mzee ameingia dini mpya. Alikunywa dawa zake, na kila siku, kama daktari alivyoagiza, alitembea mpaka mguu ubane, akapumzika, akatembea tena. Kuhusu walaji waliokwishakwama, sikumwahidi kitu. Hata wataalamu bado wanalitafuta hilo. Kipimo cha miezi mitatu kilishuka hadi tisa, kikakwama, tukagombana, kikashuka tena. Sampuli yake ilikuwa ya mwisho niliyopima kabla ya kukabidhi funguo. Saba nukta mbili. Sikumsomea kwa sauti. Nilimpa karatasi, akaisoma kwa mbali, kisha kwa karibu, akaikunja akaitia mfukoni.

Jumamosi ile mliyokuja kwangu kuniaga, mnakumbuka jinsi njia ya nyumbani inavyopanda kilima. Wengine wenu, vijana wa miaka ishirini na ushee, mlifika mnahema. Majirani walikuwa wamekaa kwenye mawe kando ya njia wakisubiri chakula. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la ndizi nilipomwona Mzee Deo anashuka kwenye pikapu kule chini, na roho yangu ikaenda huko aliko.

Akaanza kupanda. Akawafikia watu wa jiwe la kwanza, akainua kofia, akapita. Akawafikia wa jiwe la pili, akapita. Upepo ulikuwa unapandisha maneno yao, nikawasikia wakinung'unika.

"Siku hizi Mzee Deo ana majivuno."

"Amepita kama hatuoni! Zamani alikuwa anasimama kwa kila mtu."

"Hata shikamoo yangu ameiitikia huku anatembea!"

Najua niliyapiga marufuku mwenyewe. Niliweka sinia chini, nikapiga makofi.